Mtungi Chini ya Rundo la Mahindi

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, mambo yangu yalikuwa yamefika hapa.

Mume wangu Tavner alipanda mlimani kwenye mtambo wake wa wiski theluji ilipoanza kuyeyuka, hakurudi. Nilikuwa na mimba. Kiangazi nikajifungua mtoto asiyelia, tukamzika. Nikafunga nyumba yetu nikarudi kwa baba yangu, Cager Gabbard, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alisema alirukiwa na maji makali ya majivu akichemsha sabuni.

Watu wa korongo letu walikwisha kata shauri: Tav amekimbia. Amechukua mtambo na pipa lake na kwenda mjini pamoja na Orbin, mtoto wa Baba mdogo Lige, kwa kuwa Orbin naye aliaga siku ileile kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Nilipokwenda kutazama shamba la rai la Tav, ile nafaka yake ya kwao, nililikuta limekatwa lote. Wakasema ni ng'ombe. Ng'ombe hakati kwa mundu, lakini nilinyamaza.

Kunyamaza ndiyo kazi yangu. Shule niliiacha darasa la tano, Mama alipokufa, na tangu siku hiyo nimejifunza kwa kutazama zaidi kuliko kwa kuambiwa.

Kisha Hobart Noble, mwenye kinu cha maji pale mdomoni mwa korongo, mgane, akaja kuniposa. Baba alikubali. Mchungaji alikubali, akasema mwanamume aliyetoroka ni sawa na aliyekufa. Nilibaki mimi. Nikaambiwa nitoe jibu siku ya kumenya mahindi, mbele ya watu, yaishe.

Mimi sikutaka kujua kama Hobart ni mtu mzuri. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mimi ni mke au ni mjane.

Siku hiyo ndiyo ninayowasimulia leo.

*

Majirani walikuja mchana, jua likiwa kali na baridi ikiwa kali zaidi. Mahindi yalikuwa yamerundikwa ghalani hadi kifuani mwa mtu. Kila mmoja alijifunga mkononi kijiti chake chenye ncha, kile cha kupasulia maganda, na kazi ikaanza.

Mnajua desturi yetu. Mwenye mahindi huficha mtungi wa wiski chini kabisa ya rundo. Haruhusiwi mtu kuufukua kwa mkono. Mnamenya mpaka mnaufikia, na anayeufikia hunywa wa kwanza.

"Cager," Bibi Minta akaita kutoka kwenye kigoda chake. Hana jino, lakini ulimi anao. "Mwaka huu mtungi umeuficha au umeuzika?"

Watu wakacheka. Mkono wa Baba ulisimama juu ya muhindi aliokuwa akimenya. Niliuona. Kisha ukaendelea.

"Menya, Bibi," akasema. "Ukizidi maneno utakuta wenzio wamekunywa."

"Mimi niache mtungi wa Cager Gabbard? Mtu pekee aliyebaki asiyetia sukari? Ng'ambo ya mlima wanapika sukari na maji ya mto, halafu wanaita wiski. Nimekunywa juzi, kichwa kikataka kuhama."

"Mahindi peke yake," Baba akasema, kama anavyosema kila mwaka. "Mahindi, maji ya chemchemi na machicha ya upishi uliopita. Kitu kingine chochote ni dawa ya farasi."

"Au ni rai," Baba mdogo Lige akadakia, akaniangalia, akajuta. "Samahani, mwanangu. Mdomo umeteleza."

"Si kitu, Baba mdogo."

Tav hakuwa mtu wa huku. Alitoka Pennsylvania, huko kaskazini, kwenye mto ambako watu hupika rai tangu enzi za babu zao, na rai ni nafaka ambayo sisi huku tunawalisha ng'ombe majira ya baridi. Alipokuja na mbegu zake, korongo zima lilimcheka. Alipoingiza wiski yake kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani mpaka likawa jeusi kama chungu, wakasema mtoto huyu anapika makaa. Baba hakucheka. Alikasirika. Wiski yake yeye haijawahi kuingia kwenye pipa. Hutoka kwenye bomba la shaba, nyeupe kama maji, na inanywewa nyeupe.

"Mmelala nyinyi," Lige akawapigia kelele vijana ili kubadilisha hewa. "Orbin wangu angekuwepo, na vidole vyake tisa, angewaacha mbali nyie wenye kumi."

"Ameandika?" mtu akauliza.

"Orbin kuandika? Kile kidole alichokatwa na msumeno ndicho kilichokuwa kinajua kuandika." Alicheka mwenyewe. "Yuko salama. Alisema atapitia kwa Tav kuchukua wiski ya njiani, naona njia ikawa ndefu. Wawili hao wanakula raha mahali."

Aliyasema hayo kila wiki. Kila wiki alicheka kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

*

Hobart Noble alikuwa amekaa ng'ambo ya rundo, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Nilimwona alipoingiza mkono ndani ya koti. Nilimwona alipoutoa, ukishuka polepole hadi kwenye maganda. Kisha akainua muhindi mwekundu juu.

Ghala likapiga kelele. Anayepata muhindi mwekundu ana haki ya busu kwa binti anayemtaka, na hapakuwa na aliyeuliza anamtaka nani.

"Haki ya mtu," Bibi Minta akasema. "Orlena, simama. Haling'ati hilo."

Nikasimama. Hobart akazunguka rundo, akainama. Nikampa shavu. Midomo yake ilikuwa baridi.

"Unajua nimeutoa mfukoni," akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Na bado umetoa shavu."

"Nimetoa shavu. Jibu sijatoa."

Nilidhani atakasirika. Badala yake uso wake ukawa kama wa mtu anayebeba gunia zito anatafuta pa kulitua.

"Usilitoe," akasema. "Usijibu kitu mpaka mtungi ufike."

Akarudi mahali pake. Nikakaa na maneno yale, nikamenya, nikayageuza huku na huku. Mwanamume anayeposa hasemi hivyo. Mwanamume anayeposa anataka jibu kabla watu hawajaanza kunywa.

*

Mtungi ulifikiwa na Baba mdogo Lige.

Aliupangusa vumbi, akang'oa gunzi lililouziba, akauinua kwa kidole kimoja na kuulaza juu ya kiwiko kama wafanyavyo wazee. Akapiga funda moja kubwa la mtu anayejua anachokunywa.

Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Kaka," akasema alipopata pumzi. "Umepika nini humu? Pilipili?"

"Umezeeka," Baba akamjibu. "Lete kwa wenye makoo."

"Sijazeeka. Hii si ya kwako. Hii ni ile ya..." Akanitazama. Hakumaliza.

Baba alinyoosha mikono kutafuta mtungi hewani, macho yake yakitazama pengine. Alipoupata aliupeleka puani. Hakunywa. Nilimwona rangi ikimhama usoni, kuanzia paji la uso na kushuka.

"Imeharibika," akasema, na akaugeuza aimwage.

Niliushika kabla haijamwagika hata nusu kikombe. Sijawahi kumnyang'anya baba yangu kitu maishani.

"Orlena, acha."

"Mpeni watu chakula," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida na hilo lilinishangaza. "Maharage yako jikoni, mkate wa mahindi umeiva, na asali ya mtama iko kabatini. Bibi Minta, nisaidie kuwapakulia."

Bibi Minta alinitazama, akautazama mtungi. Akawaswaga watu nje kama kuku.

Tulibaki wawili.

*

Nilimimina kidogo kwenye chupa ya kioo, nikaitikisa. Povu likasimama ukingoni kama shanga, kubwa, likakawia kupasuka. Wiski kali, aliyeipika anajua kazi. Nikamimina tone viganjani, nikasugua mpaka pombe ikaruka, nikanusa.

Hivyo ndivyo Tav alivyonifundisha. Pombe ikiisha kuruka, kinachobaki mkononi ni nafaka. Ya Baba huacha harufu ya mahindi mabichi yaliyochemshwa, tamu, na ukiinywa inateleza kama mafuta na kukupiga ukishasahau. Ya rai haibembelezi mtu. Inaingia kavu, inakaa nyuma ya koo kama umetafuna karafuu, na viganjani inaacha harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa.

Nilikuwa na harufu hiyo mikononi. Harufu ya shati la mume wangu.

"Baba, umeitoa wapi?"

"Sijui."

"Mtungi uliuweka mwenyewe."

"Niliweka wangu. Mahindi yangu. Jana, kwa mkono wangu. Huu si huo." Alikaa juu ya maganda, akiwa mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. "Orlena, imwage. Nakuomba kama baba yako."

"Kwa nini unaiogopa?"

Nje watu walikuwa wakigonga sahani.

"Sikurukiwa na maji ya majivu," akasema.

*

Haya ndiyo aliyoniambia, akitazama mahali ambapo mimi sikuwapo.

Siku ile theluji ilipoanza kuyeyuka alipanda kule juu kwenda kupatana na Tav. Alikuwa amesikia nina mimba. Hakutaka mjukuu wake azaliwe kati ya watu wasiosemezana. Alimkuta Tav amekesha, macho mekundu, mtambo uko tayari kujazwa.

"Nikamwambia, lala mwanangu, mimi nimepika wiski kabla hujazaliwa. Alifurahi. Alinishika bega. Akasema, 'Baba, usijaze sana, rai si mahindi.' Nikamwambia lala."

"Ukajaza."

"Nikajaza kama ninavyojaza siku zote. Mpaka karibu na shingo ya mtambo. Mahindi yanakaa, Orlena. Yanachemka kwa adabu. Nimejaza hivyo maisha yangu yote."

Nilifumba macho. Nilishamwona Tav akipika. Uji wa rai unanata kama gundi na ukipata moto unaumuka, povu juu ya povu, unapanda shingoni unatafuta njia. Ukiingia kwenye bomba unaziba, na mvuke unakosa pa kutokea.

"Mvuke ukaanza kulia pembeni mwa kofia ya mtambo," akaendelea. "Pale tunapoziba kwa unga uliokandwa. Nikasema moyoni, huyu mtu wa kaskazini hata unga wa kuzibia hajui. Nikaongeza unga. Ukatoboka tena. Nikatafuta jiwe, nikalikandamiza juu ya kofia."

"Baba."

"Najua."

"Unga ule ni dhaifu kwa makusudi. Mambo yakizidi, kofia iruke, mtambo upone. Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mtoto."

"Najua, Orlena. Ningeona unga wangu mwenyewe unatoboka, ningekimbia. Lakini haukuwa wangu. Ulikuwa wa kwake, na nilikwisha amua kwamba hajui."

Alijipangusa mdomo kwa mkono wake.

"Nikasikia miguu inakuja mbio. Mtu anapiga kelele, toa jiwe, toa jiwe. Nikageuka. Basi. Sikuona kitu tena. Mpaka leo macho haya ndiyo yaliyobaki. Nilitambaa, nikapapasa, nikampata. Nilimwita. Nilimchimbia pale chini ya mti mkubwa kwa koleo la machicha, kwa kupapasa, na nikamkunja mikono kifuani. Nikasema sala niliyoikumbuka."

"Ukarudi nyumbani, ukaniambia umechemsha sabuni."

"Ulikuwa na mimba."

"Na tulipomzika mtoto? Na watu waliposema amenikimbia, ukakaa mezani unakula unawasikiliza? Ukamleta mtu anipose?"

"Nilitaka upate mtu wa kukutunza nikifungwa. Au nikifa. Kila siku nilisema nitakwambia kesho."

Nililia, kwa dakika kadhaa, bila sauti. Basi nimejua, nikawaza. Mimi ni mjane. Ndiyo hiyo habari niliyoitafuta.

Nikajipangusa machozi kwa viganja, na viganja vikanuka rai.

Hapo nikaacha kulia.

*

Niliinua ile chupa ya kioo kwenye mwanga wa mlangoni.

Wiski ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama maji.

Baba hakuona, kwa sababu haoni. Lige alikunywa mtungini. Mimi mwenyewe niliitikisa na kuinusa nisitilie maanani rangi. Lakini rai yote aliyoipika Tav aliiingiza kwenye pipa lile jeusi majira ya baridi yaliyopita, na kufikia sasa ingekuwa imeiva rangi ya chai. Hii haikuwahi kugusa pipa. Ilikuwa na ule ukali mbichi wa wiski iliyotoka kwenye bomba juzijuzi.

Na rai ilikatwa shambani kiangazi. Baada ya Tav kuzikwa.

"Baba," nikasema. "Maiti hapiki."

"Unasema nini?"

"Hii ni ya mwaka huu. Nafaka ya mwaka huu. Kuna mtu anapika rai sasa hivi, na anaipika kama Tav."

Nyuma yangu kivuli kikaingia mlangoni.

"Niliubadilisha mimi," Hobart Noble akasema. "Asubuhi, nilipoleta unga, nikachimba pembeni mwa rundo."

Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kuanzia mwanzo," nikamwambia.

"Majuma machache yaliyopita uliletwa kwangu mfuko wa rai iliyooteshwa na kukaushwa, nisage. Aliyeuleta amefunga kitambaa usoni, hadi hapa chini ya macho. Hasemi. Nadhani koo limeungua. Nikasaga. Nani mwingine huku anasaga rai? Nikamwambia, Tavner, kama ni wewe, mkeo yuko kwa baba yake, nikamwonyesha njia kwa kidole. Akatikisa kichwa. Jana amerudi na mtungi, akaashiria. Mahindi. Chini. Wewe."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nimekuposa, Orlena." Alisema hivyo bila kujitetea. "Nimelala na jambo hili kama mtu aliyelalia jiwe. Ningenyamaza ungekuwa wangu leo. Nikaona siwezi kula chakula cha namna hiyo. Nikasema mtungi nitauweka, ukitambua, umetambua."

"Na muhindi mwekundu?"

Aliangalia chini. "Nilitaka angalau hilo shavu."

"Yuko wapi?"

"Kinuni kwangu. Anangoja nimwambie ulifanya nini."

*

Nilishuka njia ile nusu nikikimbia, mtungi kwapani. Hobart alimshika Baba mkono, kwa kuwa Baba alikataa kubaki. Baba mdogo Lige alitoka mezani na kipande cha mkate mkononi akatufuata.

"Nimesikia Tav," akawa anasema nyuma yetu, akihema. "Mmesema Tav yuko kinuni? Basi Orbin yupo naye. Niliwaambia. Wawili hao hawaachani. Nitamchapa kwanza halafu nimkumbatie. Orlena, polepole, mwanangu, mimi mzee."

Nikaongeza hatua.

Gurudumu la kinu lilikuwa limefungwa, maji yanapita pembeni. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuingia mtu mmoja, na ndani giza la vumbi la unga. Nilimwona amekaa juu ya magunia. Kitambaa usoni. Mikono magotini, ngozi yake imevutika na kung'aa kama nta.

Nilisimama hatua chache kabla ya kizingiti.

"Nilimzika," Baba alikuwa akisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, kama anayejisemesha. "Hobart, mimi nilimzika mtu. Sikuota. Nilimkunja mikono kwa mikono yangu hii."

"Ulimzika nani?" Lige akauliza.

Nikageuka.

Baba mdogo Lige alikuwa bado na kipande cha mkate. Kijiti cha kumenyea kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwake, amesahau kukivua. Alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu aliyechelewa kusikia mzaha na anangoja aelezwe.

"Cager. Kaka. Ulimzika nani?"

"Tav. Mtambo ulipasuka. Nilidhani ni Tav."

"Siku gani?"

"Theluji ilipoanza kuyeyuka."

Nilimwona Lige akihesabu bila kuhesabu. Siku ya theluji kuyeyuka. Kijana ameaga asubuhi. Atapitia kwa Tav kuchukua ya njiani. Nilimwona akifika mwisho wa njia ile, na nikamwona akikataa kuingia.

"Mikono ulimkunja wewe," akasema polepole. "Wa kushoto. Ulikuwa na vidole vingapi?"

"Mdogo wangu."

"Ulikuwa na vidole vingapi, Cager?"

Machozi yalikuwa yakitoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Nilidhani mtambo ndio uliomkata," Baba akasema. Akainua mkono wake wa kushoto mbele yetu, vidole vimetanuliwa. Kisha akakunja kimoja.

Mkate ulianguka chini.

Nikajua basi kwamba mimi si mjane. Nilikuwa nimeiomba habari hiyo kila usiku tangu theluji iyeyuke, na sasa imenifikia ikiwa imekanyaga mtoto wa mtu, na nilikosa hata pa kuiweka furaha.

Nilinyoosha mkono kumshika Baba mdogo. Hakuniona. Hakumtazama hata Baba. Alikuwa akitazama ule uwazi wa mlango na yule mtu juu ya magunia, aliyesimama sasa, mikono yake iliyoungua ikiwa mbele kama anayeomba asikilizwe na hana sauti ya kuombea.

"Huyu alijua," Lige akasema. "Alijua aliyelala pale. Na alimwacha mwanangu alale kwa jina la mtu mwingine, mimi nikicheka mitaani."

"Lige," Hobart akasema, "ngoja, mtu mwenyewe hawezi kusema."

"Nitamsaidia."

Alinipita. Bega lake lilinigusa, si kwa nguvu. Aliingia kinuni, ncha ya kijiti ikitokeza kati ya vidole vyake, na akaufunga mlango nyuma yake. Nilipoufikia na kuusukuma kwa mikono miwili, nikasikia gogo la kukomea likianguka mahali pake kwa ndani.